Ploti Isiyo na Jina: Ardhi ya Mji katika Bunilizi ya Kiswahili nchini Kenya, kwa Kuitazama Nakuru

Utangulizi

Tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ilikabidhiwa hati ya jiji, ikawa jiji la nne nchini Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Hatua hiyo ilikuwa ya juu kabisa katika ngazi iliyoanzia kwenye kituo cha reli, ikapanda hadi mji mdogo mwaka 1904 na manispaa mwaka 1952. Katika vipindi vyote hivyo, jambo ambalo wenyeji wamelizungumza bila kuchoka, sokoni, kanisani, matangani na mahakamani, ni ardhi: nani aliinunua, kwa shilingi ngapi, kwa karatasi gani, na nani anadai kwamba haikuwa ya kuuzwa tangu mwanzo. Msomi wa fasihi anayeishi baina ya watu hawa hana budi kujiuliza swali dogo lenye uzito. Je, mazungumzo haya yameingia katika bunilizi yetu ya Kiswahili? Na kama yameingia, yameingia kwa sura gani?

Makala haya yanadai kwamba yameingia nusu. Riwaya na hadithi fupi za Kiswahili zilizochapishwa Kenya katika miongo hii ya karibuni zimejaa watu waliopokonywa ardhi, waliochomewa nyumba na waliobomolewa vibanda. Lakini ploti yenyewe, yaani kile kipande cha futi 50 kwa 100 ambacho mwalimu, mchuuzi wa mboga au dereva wa matatu hukilipia kidogo kidogo kwa miaka, haimo. Tunaiona ardhi ikinyakuliwa, hatuioni ikinunuliwa. Tunadai pia kwamba pengo hili si la maudhui pekee. Linatokana na uteuzi wa kifani, hasa uteuzi wa mandhari ya kubuni na wa tukio la ghafla kuwa kitovu cha msuko. Uteuzi huo unatugharimu ufahamu wa jambo lile lile ambalo watunzi wetu wamejitahidi kulieleza, yaani kwa nini jirani alimchomea jirani yake nyumba.

Nyaraka za mji

Bonde la Ufa la kati halikuwa ardhi tupu iliyongoja wanunuzi. Mkataba wa mwaka 1904 uliwahamisha Wamaasai kutoka malisho ya Naivasha na Nakuru, na ule wa 1911 ukawaondoa hata Laikipia walikokuwa wamepelekwa. Mashamba yakawa ya walowezi. Vibarua waliolimishwa humo, wakiwa wa makabila mbalimbali, wakaishi na kuzaa juu ya udongo wasioruhusiwa kuumiliki. Uhuru ulipokuja, mashamba hayo kwa sehemu kubwa hayakurudishwa wala kugawiwa bure, yaliuzwa. Jambo hili ni la msingi kwa mhakiki, kwani maana yake ni kwamba Mwafrika wa Nakuru aliipata ardhi kama bidhaa, huku jirani yake akiikumbuka kama malisho ya babu. Maelezo mawili ya kipande kimoja, na yote mawili ni ya kweli kwa anayeyasimulia.

Waliokosa fedha za kununua shamba peke yao walijiunga katika kampuni na vyama vya ushirika. Ngwataniro, iliyovuma Nakuru katika miaka ya 1970 chini ya mwanasiasa Kihika Kimani, ilikuwa mojawapo. Utaratibu ulijulikana na wote. Mwanachama hulipa hisa na kupewa cheti. Kampuni hukusanya, hukopa, hununua shamba la mlowezi. Kisha siku ikifika wanachama hupiga kura, si ya kumchagua mtu, bali ya kuokota kikaratasi chenye nambari ili kila mmoja ajue kipande chake kiko wapi. Kuna aliyeangukia udongo mzuri na kuna aliyeangukia mwamba. Kuna waliolipa wasiokote chochote. Hata walioonyeshwa vipande vyao, wengi walikaa miaka na miaka bila hatimiliki, hivyo cheti cha hisa ndicho walichowaachia watoto. Katika miaka ya 1980 serikali ya Rais Moi iliamuru kampuni hizi zivunjwe na wanachama wapewe hati zao. Amri ya namna hiyo ni rahisi kuitoa.

Tumezitaja karatasi hizi kwa makusudi, kwa sababu kila moja ni utanzu wenye msimulizi wake na wakati wake. Cheti cha hisa husema kwa wakati ujao: utapata. Barua ya mgao husema kwa masharti: utapata ikiwa utalipa, ikiwa utajenga, ikiwa hapatatokea mwingine mwenye barua kama hii. Hatimiliki husema kwa wakati uliotimia, kana kwamba hapajawahi kuwa na ubishi. Familia nyingi za Nakuru na viunga vyake zimeishi maisha mazima katika safari ya kutoka wakati ujao kwenda wakati timilifu, na wengine wamefia njiani, wakaiacha hati katika jina la marehemu babu na wajukuu wakigombea mirathi. Riwaya inahitaji nini zaidi ya hapo?

Aidha, kuna lile liitwalo na wananchi "kwenda bodi." Chini ya sheria ya mwaka 1967, uuzaji wa shamba la kilimo huhitaji idhini ya bodi ya ardhi, na kwa desturi muuzaji hufika mbele ya wajumbe pamoja na mke na watoto wakubwa ili waulizwe kama wameridhia. Kwa mtunzi wa tamthilia, hiki ni kitendo kilichokwisha kuandikwa nusu. Baba amekwisha kupokea arubuni na kuitumia. Mama ameagizwa aseme ndiyo. Kijana wa mwisho hajaagizwa. Hatujui tamthilia ya Kiswahili iliyokijenga kikao hicho jukwaani.

Utanzu wa mwisho tutakaoutaja ndio mfupi kuliko yote. Ukipita Kiamunyi, Lanet au Pipeline utakuta maandishi ya rangi nyekundu au nyeusi ukutani, au kwenye bati lililopigiliwa mtini: Ploti hii haiuzwi. Maneno matatu tu, lakini yatazame vizuri. Kwa kawaida anayetaka kuuza ndiye hutangaza. Hapa anayetangaza ni asiyeuza. Kauli ni ya kutendwa na ni kanushi, na mtenda amefichwa. Ni nani aliyekuwa akiiuza? Pengine dalali, pengine afisa mwenye ramani, pengine ndugu wa tumbo moja, pengine mume ambaye kesi ya talaka haijaamuliwa. Tangazo hilo lina wahusika watatu wasiotajwa majina, yaani mwenye mali aliye mbali, mwizi aliye karibu, na mnunuzi mwaminifu anayeonywa asije akalia. Lina historia, lina hofu na lina hadhira mahsusi. Kwa uchumi wa lugha halishindwi na methali.

Majina yaliyofichwa

Tukigeukia bunilizi iliyochapishwa, jambo la kwanza linalomgutusha msomaji wa Nakuru ni kwamba mji wake haumo. Ametutangulia mtunzi wa Kiingereza. M. G. Vassanji aliifungua riwaya yake ya mwaka 2003, The In-Between World of Vikram Lall, katika Nakuru ya miaka ya 1950, miongoni mwa watoto wa wenye maduka wa Kihindi. Mwaka uliofuata Kinyanjui Kombani alichapisha The Last Villains of Molo, riwaya inayobeba jina la mahali tangu jaladani. Upande wa Kiswahili tunakutana na nchi na vitongoji vya kubuni.

Ken Walibora anatupa mfano ulio bora kwa uchunguzi huu, kwa kuwa aliandika kwa njia zote mbili. Katika Siku Njema (1996), Kongowea anasafiri kutoka Tanga hadi Kitale, na msomaji anaweza kuifuata safari yake kwa ramani ya kawaida. Katika Kufa Kuzikana (2003), pale ambapo mgogoro ni wa makabila na makazi, ramani inakunjwa na tunaingia katika nchi ya Kiwachema. Wanaopigana ni Wakorosho na Wakanju. Mtunzi ni yule yule na mchapishaji wa vitabu vya shule anajulikana. Kilichobadilika ni mada. Mtu akimtafuta baba yake, miji huitwa kwa majina yake. Watu wakigombea pa kukaa, majina huondolewa.

Wanafunzi wetu husifu uteuzi wa majina hayo mawili, na wana haki. Korosho na kanju hutoka mti mmoja. Moja ni mbegu, jingine ni bibo lake. Hivyo kwa neno moja moja mtunzi amesema kwamba maadui hawa ni ndugu. Ni kejeli safi. Lakini tukiipima kwa mizani ya uhalisia, kejeli hiyo inatoza bei. Ikiwa pande mbili ni matunda ya mti mmoja na hazina tofauti yoyote, basi vita vyao havina chanzo isipokuwa upumbavu na uchochezi. Watu waliopigana Molo na Olenguruone mwaka 1992, na Njoro mwaka 1998, walichochewa kweli, na wachochezi walikuwa wanasiasa. Hata hivyo uchochezi huhitaji kuni. Kuni zilikuwa yale maelezo mawili tuliyoyataja juu, la cheti cha hisa na la malisho ya babu, ambayo hayakuwahi kukutanishwa mezani. Istiara ya mti mmoja inaiondoa meza hiyo kabisa.

Hatusemi kwamba watunzi wetu ni waoga. Mhakiki anayeketi ofisini hana haki ya kumwambia mwingine ataje kabila lipi katika kitabu kitakachosomwa na watoto wa makabila yote katika darasa moja. Tukumbuke pia namna soko la vitabu vya Kiswahili lilivyo. Riwaya isiyoteuliwa kuwa kitabu cha lazima katika shule za sekondari huuza nakala chache, na jopo la uteuzi, liwe la KIE ya zamani au la KICD iliyoirithi mwaka 2013, haliwezi kutarajiwa kupitisha kitabu kitakachozua ugomvi bwenini. Jina la kubuni ni pasi ya kuingilia darasani. Tunachosema ni kwamba pasi hii imegeuka mazoea, na mazoea yamegeuka kuwa kanuni ya kifani ambayo hata mtunzi asiyeitafuta shule anaifuata. Watunzi wa Tanzania na Zanzibar hawakuifuata hivyo. Kezilahabi katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975) alimpeleka Tumaini hadi kumwua kiongozi kwa ajili ya shamba linalotaifishwa, na siasa iliyomfikisha hapo ilikuwa na jina na tarehe. Shafi Adam Shafi aliandika Unguja kwa jina lake.

Moto na tingatinga

Uteuzi wa pili wa kifani ni wa tukio. Katika hadithi ya Said A. Mohamed, "Tumbo Lisiloshiba," iliyotoa jina kwa mkusanyiko wa mwaka 2016 uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda, wakazi wa Madongoporomoka wanaishi kwa tetesi kwamba wakubwa wanaitaka ardhi yao. Jitu moja linaingia mkahawani, linakula kila kilichopikwa, na kuahidi kurudi. Baadaye mabuldoza yanakuja. Hii ni hadithi iliyosukwa vizuri kuliko zote tutakazozitaja, na nguvu yake inatokana na kukataa kwake kueleza. Hatuambiwi kibali kilitoka wapi, wala nani aliuza nini kwa nani. Tumbo linakula kwa sababu ni tumbo. Kama ngano ya zimwi inatosha, tena inatisha. Kosa si la hadithi. Kosa ni letu walimu tunapowaambia wanafunzi kwamba hapa ndipo suala la ardhi ya mjini limechambuliwa. Zimwi halichambuliwi, linaogopwa.

Nguu za Jadi (2021) ya Clara Momanyi inakwenda hatua mbele. Kitongoji cha Matango kinateketezwa kwa moto, na nyuma ya moto mna hatimiliki za uongo na wakubwa wanaoitaka ardhi hiyo. Karatasi imeingia. Tena anayeifuatilia ni mwanamke aliye karibu na ofisi ambamo karatasi kama hizo hupita, uteuzi mzuri wa mhusika kwa kuwa unaufanya uchunguzi uwezekane ndani ya msuko. Hata hivyo karatasi katika riwaya hii ni ushahidi wa hatia tu. Ikifichuliwa, wema na wabaya wanatengana kama mchele na chuya. Katika viunga vya Nakuru karatasi za uongo na za kweli hukaa kabati moja. Mara nyingi aliye na hati halali ameipata kwa njia isiyo safi, na aliyedhulumiwa ana cheti ambacho mahakama haikitambui. Mhusika wa namna hiyo, ambaye Lukács angemwita kiwakilishi kwa sababu mikinzano ya zama zake inapita ndani yake, bado hajaandikwa kwetu.

Aliyekaribia kumwandika ni Assumpta K. Matei. Katika Chozi la Heri (2017), Ridhaa ni daktari, ni mtoto wa familia iliyohamia mahali pageni kutafuta ardhi, na shuleni alidhihakiwa kuwa mfuata mvua. Neno hilo lina uzito kwa msomaji wa Bonde la Ufa, maana lina binamu zake wengi katika lugha zetu, na binamu hao wote walitumika vibaya wakati wa kampeni. Ridhaa anapoteza familia katika moto uliofuata uchaguzi, na aliyewaongoza wachomaji ni jirani yake wa miaka mingi, Mzee Kedi. Kabla ya hapo alikwisha kupoteza majumba katika bomoabomoa ya kupisha barabara.

Tunashauri kwamba mambo haya mawili, moto na bomoabomoa, ndiyo kiini cha riwaya nzima, na kwamba Matei amekigusa kiini hicho bila kukaa juu yake. Ridhaa alikuwa mmiliki mara mbili na mara mbili umiliki wake ukakataliwa, mara ya kwanza na dola, mara ya pili na jirani. Dola ilisema ardhi ni ya barabara. Jirani alisema ardhi ni ya wenyeji. Kwa dola alikuwa na karatasi, pengine aliyouziwa na mtu asiyekuwa na mamlaka ya kuuza, kama ilivyoonekana kote nchini ripoti ya Tume ya Ndung'u ilipowasilishwa mwaka 2004. Kwa jirani alikuwa na miaka. Karatasi haikumsaidia, na miaka haikumsaidia. Lakini riwaya inayakumbuka majumba yale kwa kifungu kifupi, kisha inayaacha na kwenda kwenye mikasa mingine, nayo ni mingi mno: biashara ya watoto, mihadarati, ukeketaji, elimu. Msuko unakuwa mpana pale ambapo ungepaswa kuwa na kina. Mzee Kedi naye hapati nafasi ya kusema. Tungependa sana kumsikia, si ili tumsamehe, bali ili tujue anakumbuka nini anapoutazama ua wa Ridhaa.

Hesabu ya Gĩtutu

Kuna kitabu kimoja ambacho wanafunzi wetu hukisahau katika mjadala huu kwa sababu hakikuzaliwa katika Kiswahili. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika Caitaani Mũtharaba-inĩ gerezani Kamĩtĩ mwaka 1978, kikachapishwa 1980, na tafsiri yake ya Kiswahili, Shetani Msalabani, ikatoka 1982. Mji wa Ilmorog ni wa kubuni, kwa hiyo hoja yetu kuhusu majina si kwamba jina halisi ni sharti. Linalotofautisha kitabu hiki ni hesabu.

Katika pango la mashindano ya wezi, Gĩtutu wa Gataangũrũ anaeleza namna alivyotajirika. Anakopa benki, ananunua shamba la mlowezi, analikata vipande vidogo na kuwauzia wale wale waliokosa mkopo. Kila hatua inatajwa, tena kwa fahari ya mfanyabiashara anayefundisha. Kisha mantiki yake inaendelea hadi mwisho wake wa kichaa: kama kipande kidogo huleta faida, kidogo zaidi kitaleta zaidi, hivyo udongo utauzwa katika vyombo na hewa katika mikebe. Kĩhaahu wa Gatheeca, aliyeingia katika baraza na kamati ya nyumba, anaifanyia kodi ya nyumba jambo lile lile, mpaka mfanyakazi apangishiwe kiota. Tashtiti hii inachoma kwa kuwa imejengwa juu ya hesabu iliyo sahihi. Msomaji aliyewahi kuona shamba la ekari 100 likigeuka vipande vya ekari mbili na nusu, vikageuka vya robo ekari, vikageuka vya futi 50 kwa 100 na sasa futi 40 kwa 80, hahitaji kuelezwa mkebe ni nini.

Mwingine aliyejua siri hii ni Balzac, aliyehakikisha mwaka 1835 kwamba msomaji wa Le Père Goriot anajua kila mpangaji wa nyumba ya Bi. Vauquer analipa kiasi gani, na kwamba Goriot anapohama ghorofa ni kwa kuwa fedha zimepungua. Kodi ni sifa ya mhusika kama ilivyo sauti au mwendo. Riwaya ya Kiswahili ya Kenya hutuambia kwamba fulani ni maskini, na hutuonyesha matambara yake. Ni mara chache sana itatuambia analipa kodi ngapi, tarehe gani, na humjibu nini mwenye nyumba tarehe ikipita.

Yaliyobaki nje

Neno lenyewe ploti linastahili kutazamwa. Wahariri hupenda kiwanja, nalo ni neno zuri, lakini kiwanja hakina watu. Katika matumizi ya Nakuru, ploti ni mambo mawili. Ni kipande kinachouzwa, na pia ni makazi: ua mmoja wa vyumba vinavyotazamana, bomba moja, choo kimoja au viwili, kamba za nguo, na mwenye nyumba anayeishi chumba cha mbele au mtunzaji anayekusanya kodi kwa niaba yake. Watu husema, tunakaa ploti moja, kwa maana ile ile ambayo wengine wangesema, sisi ni wa kijiji kimoja. Bidhaa na jumuiya zimepewa jina moja, na hakuna aliyeona ajabu.

Katika mitaa kama Kaptembwo na Ponda Mali, ploti ndiyo mahali ambapo Mkisii, Mkalenjin, Mluo na Mkikuyu hugawana maji na zamu ya kufagia. Ndiyo pia iliyotengana Januari 2008, wapangaji walipohama kufuata mitaa ambayo walio wengi walikuwa wa lugha yao, na wenye nyumba wengine wakabaki na vyumba vitupu wasivyothubutu kuvifikia. Jina Ponda Mali, kwa njia, ni nusu ya methali ambayo nusu yake ya pili hakuna anayeitaja akiwa ndani ya matatu. Mji huu una mtaa uitwao Shauri Yako, una London, una Section 58, jina linalosikika kama limekatwa kutoka ramani ya mpima ardhi. Ushairi umekwisha kufanywa na wenyeji. Mtunzi anangojewa kwa nathari tu.

Yapo pia yaliyofuata moto. Waliopoteza makazi 2008 walipewa na serikali shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na kuna vikundi ambavyo, vikiwa kambini, viliweka fedha hizo pamoja vikanunua kipande karibu na Nakuru, huko Pipeline, na kwingine Mai Mahiu. Watu walewale ambao wazazi wao walikuwa wamelipa hisa wakarudi kulipa hisa. Riwaya ya ukimbizi wa ndani huishia kambini au kwenye maridhiano ya kitaifa. Mkutano ambao wanakikundi wanahesabiana fedha hemani, na mmoja anataka zake zirudishwe, haujaandikwa.

Wanafunzi wetu wa uzamili hutuletea kila mwaka mapendekezo juu ya "dhamira ya ardhi" katika vitabu vilevile vitano, na sura ya nne huwa inajulikana kabla haijaandikwa. Tungependa kumwona mmoja akikusanya matangazo ya ukutani kutoka Lanet hadi Njoro na kuyasoma kama fasihi. Mwingine akilinganisha usimulizi wa ushahidi katika mahakama ya ardhi na usimulizi wa riwaya. Na mwingine, mwenye moyo, akiacha tasnifu kwanza na kuandika hadithi.

Mada ya hadithi hiyo haihitaji kutafutwa mbali. Katika muongo uliopita maji ya Ziwa Nakuru yalipanda, yakavuka mipaka ya hifadhi, na kufikia mwaka 2020 yalikuwa yameingia katika nyumba za upande wa Mwariki na Barut. Waliohama walibeba magodoro, mabati na hati zao. Katika ofisi ya ardhi nambari za vipande hivyo ziko palepale katika ramani, na mipaka yake imepigwa kwa mistari iliyonyooka. Mwenye hati anaweza kusimama ukingoni na kumwonyesha mtoto wake, kwa kidole, mahali palipokuwa na lango. Hati yake ni halali, na hakuna aliyeighushi. Jirani aliyewahi kumwita mgeni naye amehama kwa maji yale yale, na wamepanga katika ploti moja.